Mtoto ni wa Ustawi au wa Maendeleo?

Bibi anafika ofisi ya kata saa mbili asubuhi, mjukuu mgongoni. Mtoto ana miaka miwili. Miguu imevimba, nywele zimepauka, hachezi na hataki kushushwa. Mama yake yuko mjini kwenye kazi za ndani, na hela anayotuma leo ipo kesho haipo. Bibi ana robo ekari ya mahindi na marejesho ya kikoba kila Jumamosi. Kwenye korido kuna milango miwili: mmoja umeandikwa Afisa Ustawi wa Jamii, wa pili Afisa Maendeleo ya Jamii. Agonge upi?

Akigonga wa Ustawi, atafunguliwa jalada. Ataulizwa umri wa mtoto, mlezi ni nani, kama kuna ukatili au kutelekezwa. Ataandikiwa rufaa ya kwenda kituo cha afya, na pengine mama wa mtoto atapigiwa simu aeleze anavyomtunza mwanawe. Akigonga wa Maendeleo, ataulizwa yumo kikundi gani, na kama kikundi kimesajiliwa ili kiombe mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Maafisa wote wawili watakuwa wamefanya kazi yao kama walivyoelekezwa. Mmoja amemwona mtoto asikione kijiji, mwenzake amekiona kikundi asimwone mtoto.

Bibi huyu nimemtunga ili tuwe na mtu wa kumfikiria, ingawa kwa wanaofanya kazi katani si mgeni. Namna atakavyosaidiwa inategemea sana maafisa hao walifundishwa nini chuoni, na waliowafundisha waliyapata wapi wanayoyafundisha. Ndiyo maana nataka tukae na hoja inayotajwa sana kwenye warsha na kuelezwa kidogo: elimu na utafiti wa ustawi wa jamii vijengwe juu ya maendeleo ya jamii. Ikisemwa haraka inaonekana nyepesi, kana kwamba ni kuunganisha vitengo viwili tu. Ndani yake kuna mabishano ya zaidi ya miaka mia moja.

Yalianzia Uingereza na Marekani, viwanda vilipowajaza watu mijini na umaskini ukaonekana kila kona. Kundi moja la wahisani lilituma watu waliojiita marafiki wa kutembelea maskini. Walikwenda nyumba kwa nyumba wakikagua nani anastahili kusaidiwa na nani amejitakia. Kutokana na ziara hizo ukakua utaratibu wa kushughulikia shauri moja moja: unakusanya habari za mtu, unatafuta chanzo cha shida yake kama tabibu anavyotafuta chanzo cha homa, kisha unapanga tiba. Mwaka 1917 Mary Richmond aliuandika utaratibu huo kwa mpangilio wa kitaalamu, na vyuo vikaupokea kama msingi wa fani.

Kundi la pili lilihama makwao. Toynbee Hall ilifunguliwa London mwaka 1884, na mwaka 1889 Jane Addams na Ellen Gates Starr wakaanzisha Hull House katika mtaa wa wahamiaji mjini Chicago. Hawa waliishi hapohapo na majirani zao, wakizikanyaga taka zilezile. Walipotaka kuelewa umaskini uliowazunguka, mkazi mwenzao Florence Kelley alisimamia kazi ya kupita mlango kwa mlango. Mwaka 1895 zikachapishwa ramani za mtaa zilizoonyesha kwa rangi kila familia imetoka taifa gani na inapata kiasi gani kwa wiki. Hapo swali lilikuwa limeshabadilika. Badala ya kumuuliza maskini amekosea wapi, waliuangalia mtaa mzima: mshahara, nyumba, ajira ya watoto, taka zisizozolewa. Na waliouliza hawakuwa na pa kukimbilia jibu likiwa baya.

Njia zote mbili ni za fani moja, lakini hazikusafiri sawa. Iliyofika Afrika kwa nguvu ni ile ya shauri na jalada, kwa sababu ndiyo iliyokaa vizuri kwenye vitabu na kwenye ofisi za serikali. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia tawala za kikoloni za Afrika Mashariki zilianza kushughulika na ustawi wa wenyeji, jicho la kwanza likiwa kwa askari waliorudi kutoka vitani na watu waliomiminika mijini. Kenya, Shule ya Jeanes pale Kabete ilitumika kuwafundisha kazi ya ustawi watu waliotoka jeshini. Dar es Salaam, anayepita Mnazi Mmoja bado analiona jengo la Arnautoglu, kituo cha jamii cha miaka ya mwanzo ya 1950. Vyuo vilipofunguliwa vilirithi vitabu, na vitabu vilizungumzia familia ya baba, mama na watoto wawili, yenye nyumba ya kupanga na ajira ya mshahara. Mwanafunzi aliyetoka Singida au Kitui alijifunza kumhoji mteja kwenye chumba tulivu, wakati kwao shida ya mtu husikilizwa na wajomba, mashangazi na wazee, kila mmoja akiwa na neno.

Walimu wa fani hii waliliona tatizo mapema. Mwaka 1971 waliunda umoja wao wa Afrika nzima, ASWEA, makao yakiwa Addis Ababa. Kazi mojawapo waliyojipa ilikuwa kukusanya na kuandika visa vya Kiafrika vya kufundishia. Miaka kumi baadaye James Midgley aliuita mtindo wa kuhamisha fani nzima kutoka Magharibi bila kuuliza kama inafaa kuwa ni ubeberu wa kitaaluma. ASWEA ilikufa mwaka 1989, na nyaraka zake zikakaa miaka mingi bila wasomaji. Nasikitika kila ninapolifikiria hilo, kwa sababu vizazi viwili vya walimu vililazimika kuanza upya mjadala uliokwisha kufika mbali.

Tanzania ilichukua njia yake, na njia hiyo ndiyo inayoeleza milango miwili ya bibi yetu. Mafunzo ya maendeleo ya jamii yalianza Tengeru, nje kidogo ya Arusha, mwaka 1963. Nchi ilikuwa mpya, na ilihitaji watu wa kuhamasisha kisomo, visima, vyoo na madarasa ya kujitolea. Miaka kumi baadaye, mwaka 1973, ikatungwa sheria ya kuanzisha chuo cha taifa cha ustawi kilichopo Kijitonyama, ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii na wakazi wa Dar es Salaam wanakiita Ustawi tu. Huko walilelewa watu wa mashauri: watoto waliokinzana na sheria, ndoa zenye migogoro, wagonjwa wasio na ndugu, wazee wasio na makazi. Hata wizara zilikuwa mbali. Kwa miaka mingi Ustawi ilikaa na Afya, na Maendeleo ya Jamii ikawa na nyumba yake. Zilikuja kuwekwa chini ya waziri mmoja, zikatenganishwa na Afya Januari 2022 ilipoundwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Wizara imekuwa moja. Mitaala, miiko ya kazi na namna ya kufikiri havihami kwa tangazo.

Sasa, kujenga elimu ya ustawi juu ya maendeleo ya jamii maana yake nini hasa? Wengi hudhani ni kuongeza somo la miradi, mwanafunzi ajue kuandika andiko la ufugaji wa kuku. Wengine hudhani ni kuwapakia wanafunzi kwenye basi wakaone kijiji. Na wapo wanaoogopa kwamba mtu mmoja mmoja atasahaulika, kwamba mtoto aliyepigwa ataambiwa asubiri mkutano wa kijiji. Ninavyoielewa hoja hii, kiini chake ni kimoja: jamii ni mahali maarifa yanapotengenezwa, na anayetafuta kumsaidia mtu mmoja lazima ajue maarifa hayo yalivyopatikana na ni ya nani. Hilo halielezeki kwa fasili. Linaelezeka kwa kuangalia mahali lilipofanyika, na kwa bahati sehemu mbili nzuri kabisa ziko kwetu.

Ya kwanza ni Moshi, katikati ya miaka ya 1970. Mlima ulionekana kuwa na neema kuliko sehemu nyingi za nchi: kahawa, migomba, mifereji, shule za misheni, na tangu 1971 hospitali kubwa ya KCMC. Pamoja na hayo watoto wenye unyafuzi, ule utapiamlo unaovimbisha miguu, waliendelea kuletwa hospitali. Maelezo yaliyokuwa rahisi kutoa ni kwamba mama zao hawajui kulisha. Marja-Liisa Swantz hakuridhika nayo. Alikuwa Mfini aliyefika nchini miaka ya 1950 kufundisha Ashira, hukohuko Kilimanjaro, na baadaye aliishi miaka kadhaa Bunju kati ya Wazaramo. Wakati huu alikuwa mtafiti katika BRALUP, kitengo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichochunguza rasilimali na matumizi ya ardhi. Yeye na wenzake wawili walizifuatilia familia za watoto hao kwenye maisha yao ya kila siku, na mwaka 1975 wakatoa ripoti juu ya sababu za kijamii na kiuchumi za utapiamlo wilayani Moshi.

Picha iliyojitokeza ilikuwa ya ardhi, ya kazi na ya undugu. Kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kilikuwa kimegawiwa wana na wajukuu hadi kikabaki kipande. Fedha ya kahawa iliingia mikononi mwa mume, wakati chakula cha mtoto kilikuwa mzigo wa mke. Mama alikata majani ya ng'ombe, akachota maji, akatafuta kuni, akashuka kwenye shamba la tambarare na kupanda tena mlima, na mtoto akala alichobakishiwa na mama aliyechoka. Ndoa ikivunjika au mume akihamia mjini, mama alibaki na watoto bila haki ya ardhi anayoilima. Mama huyo ukimpa somo la vyakula vya kujenga mwili atakushukuru kwa heshima, na kesho ataamka saa kumi kama jana.

Ukiwa mwanafunzi wa ustawi, simama hapo kidogo. Katika jalada la hospitali mtoto huyu angeandikwa kuwa shauri la uzembe wa mzazi. Ukienda hadi kihambani, shauri ni lilelile na mtoto ni yuleyule, lakini waliohusika wameongezeka: chama cha ushirika kinachomlipa mume, ukoo unaogawa ardhi, serikali iliyopanga shule na barabara bila kupanga maji. Mtoto bado anahitaji matibabu leo, na hakuna anayebishana na hilo. Kinachobadilika ni orodha ya watu afisa anaotakiwa kukaa nao mezani.

Swantz aliamini kwamba wanakijiji nao ni wachunguzi wa maisha yao, na kwamba mtafiti anayewatumia kama visima vya kuchota majibu hukosa nusu ya ukweli. Alikuwa akiwatuma wanafunzi wa chuo kikuu vijijini wakati wa likizo wafanye kazi na vijana wa huko, na mwaka 1975 ukaanza mradi wa Jipemoyo magharibi ya Bagamoyo, ambako watafiti wa Kitanzania na wa Kifini walichunguza mabadiliko ya utamaduni na maendeleo pamoja na wakulima na wafugaji wenyewe. Miaka hiyohiyo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imetoka kuendesha kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, vikundi vya kusikiliza redio na kujadili, vilivyofikia watu wapatao milioni 2. Budd Hall, aliyekuwa akifanya kazi kwenye taasisi hiyo, alilichukua wazo hilo la kuchunguza pamoja na wananchi, yaani utafiti shirikishi, na kulitangaza kimataifa. Leo wanafunzi wetu hulisoma wazo hilo kwenye vitabu vilivyochapishwa nje, wakidhani limekuja na wafadhili. Sehemu kubwa ya mizizi yake iko Bunju, Bagamoyo na Mlimani kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nadhani kila darasa la mbinu za utafiti lingeanza kwa kuwaambia wanafunzi hivyo.

Ya pili ni Iringa. Mwaka 1983 Serikali, kwa kushirikiana na UNICEF na WHO na kwa fedha za Italia, iliandaa mpango wa lishe uliofika kwanza katika vijiji 168 vyenye watoto wadogo wapatao 46,000. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku ya afya. Watoto chini ya miaka mitano walipimwa uzito hapohapo kijijini, kadi zikajazwa, na matokeo yakajadiliwa na kamati na serikali ya kijiji kabla ya kupanda juu kwenda kata na wilaya. Mpango ulikuwa na mzunguko wa hatua tatu uliokuja kujulikana duniani: tathmini, uchambuzi, utekelezaji, halafu unarudi kwenye tathmini. Kijiji kinaona watoto wangapi wako kwenye rangi ya hatari, kinajadiliana kwa nini, kinafanya kinachowezekana kwa uwezo wake, na miezi mitatu baadaye mizani inakijibu.

Ule mjadala wa kwa nini ndio uliokuwa darasa. Kamati zilipohesabu, zilikuta watoto wanalishwa mara mbili tu kwa siku, na tumbo la mtoto wa mwaka mmoja halibebi chakula cha siku nzima kwa mara mbili. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu mama yuko shambani. Kwa hiyo suala likahama kutoka jikoni likaingia kwenye mgawanyo wa kazi, na baadhi ya vijiji vikaanzisha vituo vya kulelea na kulisha watoto mchana. Kisha uji wenyewe. Uji wa unga wa mahindi ukiwa mzito mtoto hawezi kuumeza, ukiwa mwepesi umejaa maji, na mtoto anashiba kabla hajapata chakula. Jibu lilitoka kwa wapika pombe. Wanawake wanaotengeneza pombe ya kienyeji wanajua kwamba kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, hulainisha uji mzito. Kijiko kidogo cha unga wa kimea cha mtama au ulezi kikitiwa kwenye uji mzito kama ugali, baada ya muda mfupi unakuwa wa kunyweka bila kuongezwa maji, kwa sababu vimeng'enya vya ile nafaka iliyoota hukata wanga. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe waliupima ujuzi huo maabara na kuusambaza. Maarifa hayo yalikuwepo miaka yote kwenye vyungu vya pombe. Yalimsubiri mtafiti aliyekuwa tayari kukaa na wapika pombe.

Kati ya 1984 na 1988, katika vijiji vile vya mwanzo, watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka takriban asilimia 56 hadi 38, na wenye upungufu mkali kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Nani anaweza kusema kushuka kote huko kulitokana na mpango peke yake? Mvua, bei na chanjo navyo vina sehemu yao. Na mpango wa namna hii unagharimu: wahudumu wa afya wa kijiji wanahitaji kulipwa, mizani inaharibika, viongozi wanabadilika. Lakini mchoro wa sababu za utapiamlo uliochapishwa na UNICEF mwaka 1990, ambao mwanafunzi yeyote wa lishe duniani anaufahamu, ulitokana kwa kiasi kikubwa na yaliyojifunzwa Iringa.

Tumrudishe sasa mwanafunzi wetu wa ustawi kwenye mafunzo kwa vitendo, au fildi kama wenyewe wanavyosema. Utaratibu wa kawaida unajulikana. Anapewa barua ya utambulisho, anakwenda halmashauri, anapangiwa ofisi, anakaa majuma kadhaa akijaza kitabu cha kumbukumbu, msimamizi kutoka chuoni anampitia mara moja au mbili, anarudi. Kwenye utafiti wa mwisho anachagua mada kutokana na alichokisoma, anatunga dodoso, anagawa nakala mia moja, anahesabu, anaandika. Mkazi wa kata anaweza kujaza madodoso ya wanafunzi watano kwa mwaka juu ya ukatili wa kijinsia, na asisikie tena habari ya hata mmoja. Simlaumu mwanafunzi. Muhula ni mfupi, nauli ni yake, na alama hutolewa kwa ripoti.

Mafunzo yaliyojengwa juu ya maendeleo ya jamii yangepangwa vingine, na mengi hayahitaji fedha nyingi. Chuo kingefunga ndoa ya miaka mingi na kata chache badala ya kutawanya wanafunzi nchi nzima. Mwanafunzi wa mwaka huu angepokea daftari la mwenzake wa mwaka jana: ramani waliyochora wanakijiji ardhini kwa vijiti na majivu, kalenda ya misimu inayoonyesha mwezi gani akiba huisha na mwezi gani wasichana huacha shule, orodha ya watu wanaosikilizwa hata kama hawana cheo. Mada ya utafiti ingetoka kwenye maswali ambayo kijiji chenyewe kimejiuliza. Nyenzo za kuanzia zipo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 halmashauri zetu zina utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao wananchi wenyewe huibua vipaumbele vyao. Ni afisa ustawi wangapi wamewahi kuufungua mpango huo kutafuta sababu za mashauri yaliyojaa kwenye kabati lao?

Hatua moja katika mwelekeo huu ilifanyika miaka ya 2000 ikielekea mwisho, UKIMWI ulipoacha yatima wengi kuliko ambavyo maafisa wangeweza kuwafikia. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ilishirikiana na chuo cha ustawi cha Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago, ambacho kimebeba jina la Jane Addams, kuwafundisha watu wa vijijini kuwa wasaidizi wa ustawi wa jamii. Walipata mafunzo mafupi, wakarudi kwenye vitongoji vyao kuwatambua watoto na kuwaunganisha na huduma. Nguvu yao ilikuwa ileile ya wakazi wa Hull House: wanaishi hapo. Udhaifu ulikuwa kwamba wengi walifanya kazi hiyo kwa kujitolea, na mtu anayejitolea huku watoto wake wana njaa hadumu.

Yapo mambo mawili ambayo wanaoipenda jamii husahau kuyasema. Jamii haina sauti moja. Kwenye mkutano wa kijiji anayezungumza kwanza ni mwenye cheo, kisha mwenye ng'ombe, kisha mwenye elimu. Mjane kijana na mlemavu hukaa nyuma, na mhamiaji huogopa hata kunyoosha mkono. Mtafiti anayeandika "wanakijiji walisema" bila kuonyesha ni nani hasa aliyesema, ameandika maoni ya watu sita. Ndiyo maana watu wa fani hii hukaa na makundi mbalimbali kwa nyakati tofauti: wanawake peke yao, vijana peke yao, na wale wasiofika mkutanoni wakafuatwa majumbani.

La pili ni siri. Mtoto aliyebakwa na ndugu, mama anayepigwa, kijana aliyepimwa na kukutwa na virusi vya UKIMWI, hawa hawapelekwi kwenye mkutano wa hadhara kwa jina la ushirikishwaji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka maslahi ya mtoto mbele, na jamii ikiamua kuyamaliza kifamilia kwa mbuzi wawili, afisa ana wajibu wa kusimama upande wa mtoto. Hapa ndipo jalada na mlango uliofungwa vina thamani yake yote. Kinachoweza kwenda mkutanoni ni sura ya tatizo bila majina: mashauri mangapi, msimu gani, kitongoji chenye njia ya giza ya kwenda kisimani. Kujua nini kibaki ofisini na nini kitoke ni ujuzi mgumu kuliko wote katika kazi hii, na haufundishiki kwa slaidi. Mwanafunzi anaupata akiwa na msimamizi anayekaa naye fildi, siyo anayepita kusaini kitabu.

Tatizo la mwisho linaniuma kuliko yote, nalo ni lugha. Bibi anahojiwa kwa Kiswahili, au kwa Kigogo mwanafunzi akijaliwa. Maneno yake yanatafsiriwa kwa Kiingereza, yanapangwa kwenye sura tano, yanajaladiwa na kuwekwa kwenye rafu ya maktaba. Mwenyekiti wa kijiji aliyegonga muhuri kwenye barua hawezi kuyasoma. Afisa mtendaji pengine angeweza, lakini hana nakala. Mwaka 2014 mashirika ya kimataifa ya wafanyakazi na walimu wa ustawi yalipitisha fasili mpya ya kazi hii inayotambua maarifa ya wenyeji kuwa moja ya misingi yake, na tangu 2011 vyuo vya Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda vilishirikiana na wenzao wa Austria kuchunguza kazi ya ustawi ikoje hasa Afrika Mashariki. Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini maarifa ya wenyeji yasiyorudi kwa wenyeji yamebadilisha tu mwenye kuyamiliki.

Nafasi ya kuyarudisha ipo tayari, wala haihitaji bajeti ya warsha. Mkutano mkuu wa kijiji, wa watu wazima wote, unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na ajenda yake huishia na mengineyo. Hapo mwanafunzi angepewa dakika kumi na tano asimame na kurasa mbili za Kiswahili, asome alichokikuta: watoto wangapi hawajapimwa tangu mavuno, bibi wangapi wanalea wajukuu peke yao, kikundi gani kinakopesha kwa masharti ambayo mlezi mwenye mtoto mgonjwa hayawezi. Maafisa wote wawili wa kata wawe wamekaa meza ya mbele. Mtu atanyoosha mkono na kusema, "Hiyo hesabu ya kitongoji chetu si sahihi, umeacha kaya za bondeni." Mwanafunzi atauliza ziko ngapi, atakwenda bondeni kesho yake, na pingamizi hilo litaingia kwenye sura ya nne ya tasnifu yake pamoja na kaya zilizoachwa.